Nyuso Tatu Katika Barua ya Posa

Mzee Omari alipofariki mwezi uliopita, habari ilitufikia wengi wetu kwa simu, katika kundi la sisi tuliowahi kuchapa kazi kwenye chumba chake cha Ukunda. Aliyeileta aliiandika vizuri, kwa Inna lillahi, jina kamili la marehemu na saa ya maziko. Chini yake zikaanza kumiminika emoji: mikono iliyofumbatana, maua, nyoyo zilizovunjika, nyuso zenye chozi moja shavuni. Kisha bwana mmoja mstaafu, mtu wa heshima na swala tano, akatuma nyuso sita zinazocheka mpaka machozi yanaruka pande zote mbili, akiamini kabisa kwamba zinalia. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Nilikuwa nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, najitayarisha kwenda matangani, na mimi niliyempenda Mzee Omari kuliko wajomba zangu wa damu nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni. Nilishindwa kumweleza. Ningelazimika kuanzia mwaka wa tisini na nane, na maziko ya Kiislamu hayasubiri hadithi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la dawa, kimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kifua na juu chokaa. Kulikuwa na mashine mbili za kupiga chapa, simu iliyofungwa kwa kufuli dogo, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa na mke wa Mzee Omari mwenyewe. Kila asubuhi alikifunua kitambaa kile kwa Bismillahi, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya rafu. Anwani ya barua pepe ilikuwa moja, ya watu wote kuanzia Diani mpaka Msambweni. Barua ikiingia kutoka ng'ambo, jina la mwenyewe liliandikwa juu, nasi tuliinakili upya kwenye karatasi nzuri, kwa sababu ilikuja na mistari iliyokatikakatika na takataka nyingi za herufi kichwani. Tuliitia katika bahasha, na mwenyewe akaja kuichukua. Wakati kompyuta inapiga simu yake, ikiguna na kupiga mluzi, Mzee Omari aliinua mkono na chumba kizima kikanyamaza, wateja na wote, mpaka iunganishwe. Sheria yake ilikuwa moja: andika kilichosemwa, usiongeze, usipunguze.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, Mkamba wa mashamba waliyogawiwa watu wa bara kule Shimba Hills, Mkristo, mwenye vidole vyepesi na Kiswahili kilichomfanya Mzee Omari ashike tama. Siku yangu ya kwanza nilimwambia mtu anipatie maji, naye akaniuliza kwa upole kama maji yalikuwa yamepotea. Huo ulikuwa mwaka wa nyuma. Kisha zikaja zile vurugu zilizowafukuza watu wa bara, nami nikakimbia pamoja na wenzangu, na wengi hawakurudi. Mimi nilirudi kwa sababu Mzee Omari alimtuma mtu aje aniambie kwamba kiti changu hakijakaliwa. Nakumbuka niliingia chumbani mle bila kujua niseme nini, naye bila kuinua macho akaniambia shikamoo yangu haikusikika. Niliirudia. Akaitikia, akanipa kazi.

Nyuso nilizipata mwenyewe, na kwa wizi. Mzee Omari alipokwenda kuswali alasiri, kompyuta ilibaki na mimi, na siku moja niliacha kazi ya watu nikaingia kwenye ukurasa ambao kijana mmoja wa hoteli, Kevo, alikuwa amenitajia. Ukurasa ulifunguka mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu anayevua koti zito. Ulikuwa orodha ndefu ya nyuso zilizotengenezwa kwa alama za kawaida za mashine: nukta mbili, kistari, mabano. Mara ya kwanza sikuona kitu ila alama. Nilipoinamisha kichwa upande wa kushoto, moja ikanichekea. Nakwambia nilishtuka, nikatazama mlangoni. Nikaanza kuzinakili kwa kalamu kwenye daftari, kwa kuwa printa yetu ililia kiasi cha kusikika msikitini, na nikazinakili shingo ikiwa imepinda vilevile, hivi kwamba Mzee Omari aliporudi alidhani nimelalia vibaya na akanishauri nipake mafuta ya nazi. Zilikuwa arobaini na tatu: mwenye kucheka, mwenye kununa, mwenye kukonyeza, mwenye kutoa ulimi, mwenye miwani, mwenye kofia ya mpishi.

Nikaanza kuzitumia. Kwanza kwa Kevo, aliyekuwa akiwaandikia wageni waliokwisha kurudi kwao, na aliyesema majibu yalianza kuja upesi. "Mwende, weka ile ya kusmile," akawa ananiambia kwa jina langu kila akija, "hiyo ndiyo inafanyanga kazi." Hapo nikavimba kichwa. Nikaona nimejaliwa kipaji, na kwamba barua za watu wa Pwani, zenye salamu nusu ukurasa na dua nusu iliyobaki, zilikosa uso tu. Nikamwekea uso wa kununa mjane aliyekuwa akiulizia kiinua mgongo cha marehemu. Nikamwekea uso wa kucheka mkulima wa Kombani aliyelalamikia mpaka wa shamba, barua ikaenda kwenye ofisi moja Matuga, na karani akaja mwenyewe mpaka Ukunda kuuliza yako wapi maneno yaliyokuwa ndani ya mabano. Nilimwambia mashine imekosea. Aliitazama kompyuta kwa huruma, akaondoka. Hilo lingenitosha kuwa onyo, lakini mtu aliyevimba kichwa huwa haonywi na karani.

Mwanaidi alikuwa akishona nguo katika chumba kilichopakana na chetu. Tulikula pamoja mchana, yeye na viazi vyake vya karai na ukwaju, mimi na muthokoi wangu wa jana, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, tukibadilishana katikati ya kula. Ndiye aliyenifundisha kusema "nipe maji". Alikuwa Mdigo wa Msambweni, mcheshi, mwenye kicheko kisichozuilika, na alikuwa akimsubiri mtu. Mtu huyo aliitwa Swaleh, wa Mkwiro, mpishi katika hoteli moja Maskati. Baba yake alikuwa amekufa, na badala ya kumwachia ami yake aandike barua ya posa, Swaleh alitaka iwe kwa maneno yake. Barua ya posta ingechukua majuma, na ilijulikana kwamba kuna mtu mwingine, mwenye maduka mawili Lungalunga, aliyekuwa akinoa kalamu. Kwa hiyo barua ya Swaleh ingekuja kwa kompyuta, wazee wake wangeichukua kwetu na kuipeleka Msambweni kwa heshima zake zote. Mwanaidi hakuniambia kwamba anampenda. Aliniuliza tu, kila siku, kama simu ya kompyuta ni nzima.

Barua ikaja siku ya Jumanne asubuhi. Niliisoma nikahuzunika. Niliwahi kuchapa posa za watu, na posa ya Pwani huwa ni kitu: ua, bustani, lulu, nyota. Hii ilikuwa na sentensi fupi fupi za mtu anayeandika orodha ya vitu vya jikoni. Nilimhurumia Mwanaidi, nikamfikiria yule wa maduka mawili na lulu zake, nikasema moyoni kwamba sitakubali. Katika kuinakili, mwisho wa aya ya kwanza nikaweka :-) na mwisho wa aya ya pili nikaweka ;-) na mwisho kabisa, chini ya jina lake, nikaweka 8-) kwa sababu yule mwenye miwani nilimwona kama msomi. Nikaitia katika bahasha, wazee wa Mkwiro wakaja na kofia safi, wakaichukua kwa mikono miwili. Nililala vizuri sana siku hiyo.

Ijumaa Mwanaidi hakuja kazini. Jumamosi alikuja, akasimama mlangoni petu macho yamevimba, akanieleza mbele ya Mzee Omari bila kujali. Mjomba wake Hamisi ndiye aliyeisoma barua mbele ya jamaa. Alipofika kwenye alama za kwanza alisita, akazipita. Za pili, akasita zaidi. Za tatu akaiweka karatasi chini na kusema kwamba hiki si Kiswahili, si Kiarabu wala si Kizungu, kimekuja mara tatu, na mara tatu si bahati mbaya. Kule Pwani, kama hujui, alama zisizosomeka zilizoandikwa kwa kupangwa ni talasimu, na talasimu ndani ya barua ya posa ina kazi moja tu, kufunga akili ya binti asione kasoro. Wakampelekea maalimu mmoja, mtu mkweli, akazitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba hizi hazimo katika elimu yake. Alimaanisha kwamba hazijui. Wao walielewa kwamba ni nzito kuliko elimu yake. Bibi yake Mwanaidi, Bi Mwanasiti, akaamuru barua itiwe ndani ya sufuria, ifunikwe, iwekwe uani mbali na nyumba. Kisha mtu akauliza nani aliyeichapa, na mwingine akajibu kwamba ni yule msichana wa Kikamba.

Hapo nilielewa ukubwa wa jambo. Kwetu Wakamba, mtu akitaka kukutisha kwa uchawi hukwambia kwamba ametoka kwa waganga wa Pwani. Kumbe huku Pwani wanaotajwa ni sisi. Maisha yangu yote nilikuwa nikiwaogopa watu waliokuwa wakiniogopa mimi, na leo naweza kulicheka jambo hilo mpaka nikakohoa, lakini siku ile, mwaka mmoja tu baada ya wenzangu kukimbia na magodoro kichwani, sikucheka. Mwanaidi alisema kwamba Swaleh atajibiwa Jumatatu, na jibu ni hapana, kwa sababu nyumba yao haiozi binti kwa talasimu. Alisema hivyo kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli. Mimi, niliyekula naye kutoka sahani moja. Nilimwambia si talasimu, ni nyuso, nikamwonyesha kwenye daftari, akapinda shingo, akaiona ile inayocheka, akaketi chini sakafuni.

Mzee Omari hakunikaripia. Alikunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari, akaniambia kwamba kesho baada ya adhuhuri tutakwenda Msambweni, yeye na mimi, na kwamba nivae kitu kirefu.

Tulipofika tulilishwa kwanza. Huko huwezi kumhukumu mgeni akiwa na njaa. Tulitandikiwa mkeka katika sebule yenye saa mbili za ukutani, zote zimesimama, tukaletewa wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, na achari ya maembe, na kila nilipopunguza mwendo Mjomba Hamisi, mtu mrefu mwenye miwani minene, mwalimu aliyestaafu, alinisogezea samaki mwingine kwa adabu ya kutisha. Bi Mwanasiti alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, akinitazama ninavyotafuna. Nyuma ya pazia niliwasikia wanawake. Mmoja alisema, "Ndiye huyu? Mbona ni kitoto," na mwenzake akamjibu kwamba hao wadogo ndio hatari, kwa sababu wana mikono myepesi. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile kwa hofu namna ile. Ilipokuja kahawa, ndipo na sufuria ikaletwa, na kijukuu aliyeibeba aliishika kwa ncha za kanga.

Mjomba Hamisi alifunua, akaitoa karatasi, akaiweka mbele yangu. Nilieleza. Nilisema hizi ni nyuso, Wazungu huzitumia katika barua za kompyuta ili msomaji ajue moyo wa mwandishi, na kwamba ili kuziona lazima mtu apinde shingo upande wa kushoto. Mjomba Hamisi akapinda shingo, polepole, kofia ikamwanguka. Mzee Omari akapinda, kwa sababu naye kwa hakika alikuwa hajawahi kuziona. Wazee wengine wawili wakapinda. Wanaume wanne wazima, sebuleni, vichwa vimelala begani, na mimi mbele yao nikiomba Mungu nisicheke. Bi Mwanasiti peke yake hakupinda kitu. Alinyosha mkono, akaichukua karatasi, akaigeuza.

"Anacheka," akasema.

Nikashusha pumzi. Nilidhani tumemaliza. Bi Mwanasiti aliendelea kuitazama.

"Mtu analeta posa nyumbani kwangu, kisha anacheka. Anatucheka nini?"

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Mjomba Hamisi akaichukua karatasi, naye safari hii akaigeuza, akaenda kwenye uso wa pili, akauliza huyu ana nini jichoni. Nikasema, kwa sauti iliyokuwa ikififia, kwamba anakonyeza. Akauliza anamkonyeza nani, maana barua iliandikwa kwake yeye, Hamisi, kwa jina. Akashuka kwenye uso wa tatu, akausogeza karibu na macho, akavua miwani yake, akaitazama, akaivaa tena.

"Na huyu mwenye miwani," akasema, "ni mimi?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kwa namna ya kuficha jambo jingine. Mjomba Hamisi hakuona la kuchekesha, na kusema kweli nami sikuliona siku ile. Talasimu wangeweza kusamehe, kwani mtu anayeroga angalau anataka kitu. Lakini mwanamume anayewacheka, akamkonyeza mjomba wa binti, kisha akamchora na miwani yake, huyo hana adabu, na mtu asiye na adabu haozeshwi mtoto hata akiwa na hoteli nzima. Nilimwona Swaleh, huko Maskati, amesimama kwenye masufuria yake hajui kwamba mambo yake yanaharibika kwa kitu ambacho hakukiandika. Mpaka dakika ile nilikuwa nimezieleza zile nyuso kama zake. Nilikuwa na nafasi ya kuendelea hivyo, nirudi Ukunda na kazi yangu, na jina baya limbakie yeye aliye mbali.

Nikasema, "Si zake. Ni mimi niliyeziweka."

Bi Mwanasiti akaniuliza kwa nini. Nikamjibu ukweli, kwamba niliiona barua kavu, na nilijua Mwanaidi anaisubiri, na niliogopa yule mwingine asije na maneno matamu. Niliposema hivyo nilianza kulia, kwa aibu zaidi kuliko majuto. Mzee Omari, ambaye sheria yake moja nilikuwa nimeivunja mbele ya watu wa heshima yake, alisogea kidogo mkekani akawa ameketi mbele yangu. "Huyu ni mtu wa nyumba yangu," akasema. "Kosa lake ni langu, niwieni radhi." Kwa mwezi mzima baadaye hakunipa cha kuchapa ila orodha za vyakula za mahoteli, na hizo alizisoma mara mbili kabla hazijatoka. Lakini kwa sentensi ile moja nilimpenda mpaka mwezi uliopita tulipomzika, na nitaendelea.

Bi Mwanasiti akamwambia Mjomba Hamisi aisome barua upya, ya Swaleh peke yake, nyuso zangu aziruke. Mjomba Hamisi akasoma kwa sauti ya darasani. "Assalamu alaikum. Mimi Swaleh naomba kumwoa Mwanaidi. Nyumba yangu ya Mkwiro ina vyumba viwili na paa halivuji. Mama yangu ni mkali asubuhi, ikifika saa nne ni mtu mwema." Akaruka. "Kazi yangu ni kupika, kwa hiyo mke wangu akiugua hatalala njaa. Nimemwona Mwanaidi mara nne. Mara ya nne alinisalimu yeye kwanza." Akaruka. "Sina la kuongeza. Swaleh." Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia kwa masikio. Hapo nikajua kwamba ile niliyoiita kavu ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuzichapa, na kwamba mimi nilikuwa nimesimama katikati yake nikiwakonyeza watu.

Ikabaki kumwuliza mwenyewe. Kwa desturi yao binti huitwa, huulizwa mbele ya walii wake, naye hunyamaza na kuinamisha macho, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Mwanaidi akatolewa nyuma ya pazia, kajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, akaketi chini karibu na kiti cha bibi yake. Mjomba Hamisi akakohoa, akauliza kama yu radhi na Swaleh wa Mkwiro. Mwanaidi akainamisha macho, vizuri kabisa. Bahati mbaya karatasi ilikuwa imelala pale pale mkekani, imegeuzwa upande, na macho yake yakaangukia uso wenye miwani, halafu yakapanda kwa mjomba wake. Alijizuia. Nilimwona anajizuia, mabega yakitetemeka. Kisha kikamtoka, kicheko kizima, mbele ya wazee wote.

Mjomba Hamisi alitahayari. Alisema kwamba kunyamaza anaijua hukumu yake, na kulia pia ana habari nako, lakini kucheka hana hakika, na pengine ingefaa tumrudie maalimu. Bi Mwanasiti akainama kutoka kwenye kiti chake, akamshika Mwanaidi kidevu, akaifunua kanga, akamtazama kwa muda.

"Usimsumbue maalimu," akasema. "Uso huu nausoma bila kuugeuza."

Kisha akamwambia Mjomba Hamisi achukue kalamu aandike jibu, kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikae mbali na karatasi.